Mlango wa Mama Mkwe

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Gaspari, na mimi nilicheka msibani. Sikukusudia. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, kichwa nimekiinamisha kama inavyotakiwa, kijana mmoja akasimama kusoma historia ya marehemu: kwamba alikuwa mtumishi wa serikali tangu enzi za Mwingereza, kwamba alikuwa mkaguzi wa ujenzi, kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kumnyima mtu usingizi. Hapo kicheko kikanitoka puani. Mjukuu wangu akanifinya, "Bibi, watu wanakuona!" Waone. Marehemu huyo huyo alininyima usingizi siku tatu mfululizo, na kama macho ya mtu yangekuwa na sumu basi angezikwa mwaka uleule, katikati ya miaka ya hamsini, angali kijana wa kaptula iliyopigwa pasi na futi ya mbao mfukoni. Sisi tulimwita Bwana Futi. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, kisha nikaja kumpenda, na nyumba hii ninamoandikia haya isingekuwa ilivyo bila ukaidi wake. Tuliporudi kutoka makaburini nilikaa barazani mpaka chai ikapoa kikombeni, nikaupitia mwaka ule wote kichwani, tangu kiangazi hadi mvua, na sikuupitia kwa huzuni hata kidogo.

Mwaka ule mimi na mume wangu Bruno tulikuwa na miaka miwili ya ndoa na chumba kimoja cha kupanga, hapa hapa Ifakara, nyumbani kwa Mama Zaituni. Bruno alikuwa akifanya kazi ya pantoni mtoni Kilombero, kuvusha malori na watu. Mimi nilikuwa nakaanga vitumbua asubuhi na kuwauzia abiria waliokuwa wakisubiri kuvuka. Mama yangu mzazi alikuwa akiishi nasi, maana hakuwa na mtoto mwingine wa kumtunza. Habari za ukoo naishia hapo. Anayezitaka zaidi akaulize kanisani, vitabu vya ubatizo vipo. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na msumari mmoja ukutani uliobeba nguo zetu zote, za kazi na za Jumapili. Ukipikwa wali chumba cha pili unajua ni mchele wa nani. Ukigombana na mumeo, kesho yake Mama Zaituni anakupa ushauri kabla hujamwomba. Hata hivyo tulicheka sana mle ndani. Siku hizi wajukuu zangu wana vyumba vitatu na kila mmoja amejifungia na simu yake, hata kikohozi cha mwenzake hakisikii.

Ila mama hakulala chumbani. Mama alilala jikoni, kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, pamoja na mafiga na kuku. Usidhani tulimtupa. Kwetu sisi Wapogoro wa enzi zile mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso. Hawasalimiani, hawali chombo kimoja, hawatajani majina, na hawapiti mlango mmoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Ndiyo heshima yenyewe, wala si ugomvi. Heshima hiyo ilikuwa ikifunguliwa anapozaliwa mtoto wa kwanza: mkwe analeta kuku na kitambaa, mama mkwe anafunua uso, wanakula pamoja, basi tangu hapo wanakuwa mama na mwana. Lakini mimi miaka miwili ilikuwa imepita na tumbo langu lilikuwa bapa kama ungo, na wanawake wa mtaani walikuwa wameanza kuniuliza habari za tumbo kabla hawajaniuliza habari za asubuhi. Kwa hiyo mama na Bruno waliishi ua mmoja miaka miwili pasipo kuonana.

Jamani, ilikuwa na vichekesho vyake! Mama alikuwa na mengi ya kumwambia Bruno, na kwa kuwa hakuruhusiwa, alimwambia kuku. "Wewe kuku," utamsikia jikoni, sauti juu kabisa, "mwambie anayekwenda mtoni leo achukue koti, mawingu siyapendi." Bruno naye, amesimama nyuma ya ukuta wa nyumba, anamjibu kinu: "Ewe kinu, koti lina tundu." Kesho yake koti linakutwa limeanikwa kwenye kamba, tundu limezibwa kwa mishono midogo midogo ya mama, na hakuna aliyesema kitu. Bruno akipata kitoga au kambale mzuri kutoka kwa wavuvi, alimning'iniza kwenye mti wa ua, akakohoa mara mbili, akaenda zake. Ndipo mama alipotoka akamchukua samaki. Mama Zaituni, ambaye ni Mwislamu na kwao hawana mambo hayo, alikuwa akijishika kiuno. "Mtume! Nyinyi Wapogoro, mnapendana namna hii halafu mnakimbiana kama mmeibiana!"

Kiangazi hakikuwa na taabu. Taabu ilikuwa mvua. Mvua za mwaka uliotangulia zilimkuta mama mle jikoni, nyasi zikavuja, na maji yakapita chini ya kitanda chake cha miti. Nilipokwenda kumwamsha asubuhi nikamkuta ameketi juu ya kinu kilicholazwa, amejifunika ungo kichwani, anakohoa. "Mama, umelala hapo?" nikamuuliza. "Sijalala, nimekesha nakusubiri wewe uniulize maswali," akanijibu. Alikohoa mpaka mpunga ulipovunwa. Nikaenda kulia chumbani, Bruno akanikuta, akaketi kando yangu kitandani asijue la kufanya. Mwisho akasema, "Oliva, mvua nyingine haimkuti mama mle. Naapa." Mshahara wa mtu wa pantoni ni wa kununulia chumvi na sabuni. Nikamwitikia tu ili anyamaze.

Basi ikawa siku moja, nikiwa na beseni langu la vitumbua pale kivukoni, karani kutoka bomani akavuka, akasimama juu ya gogo, akatoa tangazo. Serikali inataka kuwasaidia watu wa mishahara midogo ambao hawajawahi kuwa na nyumba yao wenyewe. Vimepimwa viwanja karibu na barabara. Atakayeandikwa atapewa kiwanja, na mabati, na mbao za paa, na madirisha, na mlango mmoja wenye kufuli, na atakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara wake miaka kadhaa. Yeye kazi yake ni kusimamisha kuta mwenyewe, kwa kufuata ramani. Na akae humo mwenyewe na watu wake, asipangishe. Karani alipoondoka, abiria wakaanza. Mmoja akasema, "Serikali ikikupa kuku, ujue imeshawaona vifaranga." Mwingine akasema nyumba ya bati ni ya Wahindi na mapadri, Mswahili akilala chini ya bati ataiva. Mwanamke mmoja wa Mchombe, aliyekuwa na mzigo wa mpunga, akaguna tu: "Mimi wangeniandika hata sasa hivi, hata mzigo sijatua." Nikamtazama Bruno, yuko kule kwenye pantoni, ameshika kamba, mdomo wazi. Gari lilikuwa linampigia honi ateremshe mbao za kushukia, wala halisikii.

Aliandikwa. Karani akamuuliza, "Mtakaa wangapi?" akajibu, "Watatu." Karani akanitazama mara mbili mimi na tumbo langu bapa, akaandika watatu. Tukapewa ramani, karatasi ya buluu yenye mistari myeupe, na mama akaomba aione. Nikampelekea jikoni. Aliigeuza juu chini, akainusa. "Vyumba viwili," nikamwonyesha, "na hapa katikati sebule. Hiki cha nyuma ni chako, mama." Akaweka kidole chake kwenye kile chumba, akakiacha hapo kwa muda. Sikuona, wala yeye hakuona, wala Bruno hakuona, kwamba nyumba nzima ilikuwa na mlango mmoja tu, wa mbele, na kwamba ili mama atoke chumbani mwake ni lazima apite sebuleni. Sisi wote tulikuwa tumetazama vyumba. Nani anatazama milango wakati anapewa nyumba?

Kiangazi kile tulifyatua matofali. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya mwili namna ile. Tuliwaalika watu kama kawaida yetu, unapika, unatengeneza pombe, unatangaza siku, nao wanakuja na majembe yao. Wanaume walichimba udongo na kuukanyaga pamoja na pumba za mpunga, wanawake tulichota maji kisimani na kuimba, watu wa pantoni walikuja kwa zamu, na Mama Zaituni alileta togwa kwa wasiokunywa pombe, akakaa juu ya kiti chake katikati ya kiwanja akitoa amri utadhani nyumba ni yake. "Hilo limepinda! Lirudie! Unamjengea mbuzi?" Mama naye alikuja kufyatua, lakini siku ambazo Bruno yuko kazini; na Bruno alifyatua siku ambazo mama yuko nyumbani. Jioni ukipita kwenye safu za matofali yaliyoanikwa ulijua la mama ni lipi. Mama alipitisha kiganja juu ya kila tofali alilomaliza, na alama za vidole vyake zilibaki. Mchana tulikula wali na kisamvu, mikono bado ina udongo, na hakuna hoteli iliyowahi kunipikia chakula kile tena.

Kuta zilipofika usawa wa kifua ndipo Bruno akashtuka. Nilimkuta amesimama ndani ya chumba cha mama, bado hakina paa, anazunguka. "Oliva," akaniita kwa sauti ya chini. "Mama atatokea wapi?" Nikatazama. Loo! Nyumba tuliyoijenga kwa ajili yake hakuweza kuingia humo bila kumpitia mkwewe magotini. Bruno alichukua jembe, akabomoa sehemu ya ukuta wa nyuma, akasawazisha pembeni, akaacha nafasi ya mlango wa kutokea uani. Akatengeneza na pazia la matete. Jioni ile, yeye akiwa ameondoka, nilimleta mama. Aliingia kwa ule mlango wa nyuma, akatoka, akaingia tena, akatoka, mara nne, huku anacheka peke yake. "Mwambie mwenzio," akasema, kisha akakumbuka hakuna kuku karibu, akaniambia mimi hivyo hivyo, "mwambie mwenzio ana akili."

Wiki chache baadaye kuta zikafika juu, na Bwana Futi akaja kukagua. Alikuwa Mpogoro mwenzetu kutoka ng'ambo ya mto, kijana mwembamba, mpole wa maneno. Akapima mbele, sawa. Akapima madirisha, sawa. Akapiga ukuta kwa kiganja, akasifu, "Pumba za kutosha. Vizuri." Nikawa nimeshaanza kuyaona mabati. Kisha akazunguka nyuma. Tukamfuata, tukamkuta ameikunjua ramani, anaitazama, anatazama mlango, anaitazama tena.

"Huu umetoka wapi?"

Bruno akamweleza. Yule kijana akasikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akajikuna. "Kaka, mimi nami nina mkwe," akasema. "Nami najificha majanini. Lakini ramani haina mkwe. Ukuta huu ndio unaopigwa na mvua, na umeutoboa. Tena bomani wanajua mlango wa pili maana yake ni mpangaji. Nyumba mbili tayari zimenyimwa kwa ajili hiyo, na hao waliapa kuwa ni bibi yao." Bruno akamwomba, mimi nikamwomba, nikapiga na magoti. Hakuna kitu. "Leo Jumatano. Nakwenda Sanje kukagua wengine. Jumamosi narudi na lori la mabati. Nikikuta ukuta umezibwa, mabati yanashuka hapa. Nikikuta mlango, yanakwenda kwa anayefuata kwenye orodha." Akanyanyua macho juu. Sisi wote tukanyanyua. Upande wa milima ya Udzungwa mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa, na kuta zetu zilikuwa za udongo mbichi, hazina hata jani juu yake.

Usiku ule niligombana na Bruno kuliko siku zote za ndoa yetu. Mimi nilitaka mlango uzibwe. Nilisema mvua moja tu, kuta zote zinarudi kuwa tope, na mama anarudi juu ya kinu. Yeye alisema hawezi. "Nimzibie mama mlango kwa mkono wangu? Halafu apite wapi, juu ya kichwa changu? Nitakuwa mtu gani?" Nikamwambia atakuwa mtu mwenye bati. Akaniambia heri awe mtu asiye na bati kuliko asiye na adabu. Wote wawili tulikuwa tunampigania mama huyo huyo, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye mkatili. Ukuta wa matete haufichi siri, kwa hiyo asubuhi mtaa mzima ulikuwa na shauri. Mwenzake Bruno wa pantoni akaja na ujanja: zibeni kwa matete na udongo, mpake vizuri, Bwana Futi akishashusha mabati mnazibua. "Hata kuku hatajua!" Mama Zaituni akasema, "Nyumba njema si mlango," akatuachia sisi tumalizie wenyewe. Na mimi, nasema ukweli, ule ujanja wa matete niliukubali. Hata Bruno alianza kuukubali. Alhamisi mchana alikwenda kukata matete.

Mama hakuwa ameulizwa. Aliyasikia yote jikoni kwake, na Ijumaa asubuhi nilipokwenda kuchota unga wa vitumbua nikamkuta amevaa khanga yake ya kanisani. Akaniambia niketi. "Nyumba yangu ya kwanza ya bati," akasema, "siingii kwa kumdanganya mtoto wa watu aliyekuja na futi yake. Siku akijua, atanyang'anywa kazi yeye, mtanyang'anywa nyumba nyinyi. Matete yachomeni mpikie chai." Nikamwambia, basi mama, hakuna njia. Akanijibu kwa utulivu, "Ipo. Mwambie mwenzio alete kuku."

Sikumwelewa mara moja. Kisha nikamwelewa. "Mama, mtoto hajazaliwa," nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo lile mbele yake. Nikaanza kulia. Nilihofu kwamba akifungua heshima kabla ya wakati, basi maana yake amekata tamaa nami. Amekubali kwamba mtoto hatakuja. Alinivuta, akanifuta kwa ncha ya ile khanga ya kanisani. "Mjinga wewe. Nani kakwambia mtoto ndiye anayeleta nyumba? Mtoto anakuja akikuta nyumba. Na asipokuja, huyo aliyenitobolea ukuta na kunitundikia samaki miaka miwili si mwanangu? Nimngoje mtoto gani mwingine?" Nimezaa wanne baadaye, wa kwanza mwaka uliofuata, lakini nasema hata kama nisingezaa, maneno yale yangenitosha. Leo wanawake wanakuja kwangu na machozi yale yale, na mimi sina dawa ya kuwapa. Ninawapa maneno ya mama.

Bruno nilimfuata kivukoni mbio, nikamkuta katikati ya mto. Nikamngoja avuke. Nilipomwambia, aliketi chini kwenye mchanga. Mtu huyu niliwahi kumwona akimfukuza mamba kwa mti. "Nitamwambia nini?" akaniuliza. "Mwambie shikamoo," nikamjibu. "Mengine yatakuja."

Saa kumi alasiri tukakutana kwenye nyumba isiyo na paa. Mama alikuwa ameketi kigodani katikati ya sebule, khanga imemfunika kichwa na uso. Mama Zaituni alikuwa mlangoni kama shahidi, amejitia udi. Bruno akaja amevaa shati la Jumapili, kwapani kuku jike mweupe, mkononi doti ya khanga niliyoikopa kwa Mama Zaituni mwenyewe. Alipofika kizingitini akasimama. Akasimama sana, mpaka kuku akalalamika. Mama Zaituni akamsukuma mgongoni. Akaingia, akapiga goti, akaweka kuku chini na khanga juu ya magoti ya mama, akasema, "Shikamoo, mama."

Mama akafunua uso. Akamtazama, akamtazama, kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, kama mtu anayekagua mpunga wake baada ya safari.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha akanigeukia. "Oliva, mbona hukuniambia kwamba ni mfupi? Sauti ile yote nilijua ni ya mtu mrefu!"

Tulicheka mpaka Mama Zaituni akalazimika kushika ukuta. Bruno naye alicheka huku analia, na mama akasema, "Kumbe ana mwanya," akacheka tena. Kuku tulimchinja hapo hapo, tukampika nje ya mlango wa mbele kwenye mafiga ya haraka, tukala wali na mchuzi sahani moja, wote wanne. Mama alimkatia Bruno paja kwa mkono wake. Bruno alilishika paja lile asilile, analitazama tu, mpaka mama akamwambia, "Kula, hatujaja kusali."

Baada ya chakula Bruno akainuka kwenda kuziba mlango. Matofali yalibaki machache nyuma ya nyumba. Aliinama kuokota la kwanza, na kabla hajalifikia mama akawa amelinyanyua, amemnyooshea. Tofali kwa tofali, mama anampa, Bruno anapokea, anaweka udongo, anasawazisha. Mara moja nilimsikia mama akisema, "Hilo limepinda," naye akajibu, "Ndiyo, mama," akalitoa akalirudia. Jua lilipozama nafasi ilikuwa imezibwa, na ukuta ulikuwa na kiraka cheusi cha udongo mbichi.

Jumamosi lori likaja. Bwana Futi akazunguka nyuma moja kwa moja, akasimama mbele ya kile kiraka, akakigonga kwa futi yake, akakisukuma kwa bega. Kilikuwa tofali kweli. "Na mama?" akauliza. Wakati huo huo mama alikuwa anapita na bati begani, ameshika ncha ya mbele, na Bruno ameshika ncha ya nyuma, mama akimpigia kelele asimsukume. Kijana yule aliwatazama mpaka wakaingia ndani. Akavua kofia. "Shikamoo, mama," akasema. Akatia sahihi karatasi akiwa amesimama, akaishika nyundo mwenyewe, akapanda juu na mafundi mpaka bati la mwisho. Miaka ilivyokwenda akahamia Ifakara, akawa rafiki yetu, akala Krismasi nyingi hapa. Nilimuuliza siku moja kwa nini alitukazia vile, hali alijua desturi. Akasema, "Shemeji, ningewaachia mlango ule, wote mngekosa nyumba, na mimi ningekula wapi?" Na mke wake akaniambia kwamba mwaka ule ule mumewe alipeleka kuku kwa mama mkwe wake.

Mvua yetu ilikuja siku nne baadaye, mchana, tukiwa tumehamia na kile kitanda, lile sanduku na kinu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba bati lina kelele. Ilipopiga tulidhani mlima umeanguka. Tulitazama juu sote watatu, tukingoja tone. Halikuja hata moja. Nje barabara iligeuka mto, na sisi tulikuwa wakavu, ni kicheko tu. Ukitaka kusema kitu unamfokea mwenzako sikioni. Bruno alikuwa amekaa chini sebuleni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mpaka upande wa pili, maana alikuwa amechoka na nyumba ilikuwa yake. Mama akatoka chumbani mwake. Alitaka kwenda mlangoni aione mvua ikinyesha na yeye haimpati. Akafika kwenye ile miguu, akasimama. Mimi, kwa mazoea tu, nikajishika kifua.

"Bruno!" mama akapaza sauti juu ya mvua. "Bruno, nipishe nipite!"

Bruno akakunja miguu, mama akapita.